Vidole vya Michiru

Siku Orikasa Michiru alipoingia kwa mara ya kwanza nyumbani kwa Bibi Kanbe, aliyempeleka alikuwa Nezu Yasue mwenyewe. Baadaye Yasue alilikumbuka jambo hilo kwa uchungu, maana hakuna aliyemlazimisha. Njia za mji wa Matsumoto zilikuwa zimeganda barafu, mgongo ulikuwa unamsumbua, na kompyuta ya ofisi ilikuwa nzito. Basi akamwambia mwenzake mgeni, "Twende wote, unibebee mashine. Nawe utaona kazi inavyofanywa."

Kazi yenyewe ilikuwa kuandika maisha ya watu. Ofisi ya Bwana Usami, iliyokuwa juu ya duka la miwani, iliwahudumia wazee waliotaka kuwaachia wajukuu wao kitabu kidogo cha maisha yao. Mwandishi huenda nyumbani kwa mzee, hunywa chai yake, humsikiliza miezi minne au mitano, kisha huyapanga yote aliyoyasikia mpaka yakafuatana. Yasue alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka kumi na saba. Umri wake ulikuwa miaka hamsini na saba, na mjini pale hakuna aliyeshindana naye kwa sikio. Wazee walimwambia mambo ambayo hawakuwaambia wake zao.

Bibi Kanbe Tokiwa alikuwa na miaka themanini na minne. Yeye na marehemu mumewe, Shinpachi, waliendesha bafu la mtaa kwa miaka arobaini na moja, yeye akikaa mlangoni kupokea wateja, mume akichochea kuni nyuma. Yasue alishamtembelea mara tisa. Katika ziara ya nne, bibi alimweleza habari za Kiyomi, binti yake wa kwanza, aliyekufa kwa surua akiwa na miaka mitatu. Jioni ya siku waliyomzika, Shinpachi aliwasha moto bafuni kama kawaida kwa sababu wafanyakazi wa kiwanda cha hariri walikuwa wanangoja nje kwenye theluji. Tokiwa hakusema na mumewe miaka miwili. Wanawe waliobaki hawakuwa wakilijua hilo. Yasue alilijua.

Siku hiyo, basi, walikaa watatu miguu ikiwa chini ya meza fupi yenye hita na blanketi, kompyuta ikiwa juu yake, na Yasue akasoma orodha ya vichwa vya habari. Programu waliyotumia ilipanga maandishi kwa matawi. Kila kichwa kilikuwa na vichwa vidogo chini yake, na chini ya hivyo, maelezo. Ukikifunga kichwa, vyote vilivyo chini yake hujificha kama nguo kabatini, na ukikihamisha, huenda navyo vyote.

"Ngoja kwanza," Bibi Kanbe akamkatiza. "Shemeji alikuja kukaa kwetu kabla ya mafuriko. Nyinyi mmemweka baada."

Yasue akanyoosha mkono kwenye kipanya. Njia yake ilikuwa moja: kuikamata ile sehemu, kuiburura taratibu kwenda juu huku ukurasa ukimkimbia, kuiachia pasipo pake, kuomba radhi, kuanza upya. Lakini kompyuta ilikuwa mbele ya Michiru. Kidole chake kidogo kilishika Shift, gumba likashuka kwenye Alt, na mkono wa pili ukagusa mshale wa juu mara nne. Shemeji, pamoja na sanduku lake, ulevi wake na harusi yake, alipanda juu ya mafuriko akatua. Michiru hakuwa hata akiangalia vitufe.

Bibi Kanbe akaweka kikombe chini. "Heh! Umefanyaje?"

"Nimemhamisha tu, bibi."

"Na mizigo yake yote?"

"Na mizigo yake."

"Hebu mrudishe."

Akarudi. Bibi akacheka mpaka meno yake ya bandia yakataka kumtoka. "Mwanamume yule hata kumtoa kitandani tulikuwa tunashindwa! Mhamishe tena, nione."

Wakacheza hivyo karibu saa nzima. Michiru aliposhika Shift na kushuka kwa mshale, mistari iligeuka buluu mmoja baada ya mwingine. Aliposukuma kulia, kichwa kikaingia chini ya kilicho juu yake, na aliposukuma kushoto, kikatoka. Bibi aliamuru kama nahodha: huyu juu, hii chini, hili lifiche. Katika ziara tisa za Yasue, bibi huyo alikuwa amelia mara mbili na kunyamaza mara nyingi, lakini kucheka namna ile hakuwahi. Chai ya Yasue ikapoa. Hakuna aliyemwongezea.

Njiani kurudi, Michiru akasema, "Ni mtu mchangamfu sana, kumbe!"

"Leo alikuwa mchangamfu," Yasue akajibu, akatazama chini asiteleze.

*

Lililomuuma zaidi ni kwamba zamani, mwenye vidole alikuwa yeye. Alipokuwa na miaka kumi na tisa aliingia katika kiwanda cha kuchapia, enzi za kupanga kwa mkono herufi za madini ya risasi. Kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya makabati yenye herufi maelfu, karatasi ya mwandishi na kisanduku mkono mmoja, na kuokota kwa mkono wa pili. Baada ya mwaka mmoja alikuwa anaokota herufi nyingi kwa saa kuliko wanaume wenye miaka ishirini kazini. Wageni wa kiwanda waliletwa kumtazama. Palikuwa na mzee mmoja, Tokuda, aliyekuwa bingwa kabla yake. Yule aliacha kumwamkia asubuhi, na siku moja alimwaga sanduku zima la herufi za Yasue sakafuni akadai amejikwaa. Yasue alimwona ni mtu mwenye roho mbaya, yakaishia hapo. Alikuwa kijana. Hakuwa na haja ya kumwelewa.

Kiwanda kilipofungwa, alihamia kwa Bwana Usami na kujifunza kusikiliza. Aliyaandika maneno ya wazee kwenye vikaratasi, akavitandaza sakafuni, akavipanga akiwa amepiga magoti. Kompyuta ilipokuja aliipokea, lakini kama mtu anayepokea mkwe asiyempenda. Alijua kuandika, kuhifadhi na kuburura kwa kipanya. Zaidi ya hapo hakutaka.

Sasa Bibi Kanbe akaanza kupiga simu ofisini. "Bi Nezu, kesho utakuja na yule binti?" Wiki iliyofuata, "Yule binti yupo?" Wiki ya tatu Yasue alikuwa na mzee mwingine wa kumhoji, na bibi akasema kwa sauti nyepesi kabisa, "Usijisumbue basi. Nitumie yule binti peke yake inatosha."

Inatosha! Yasue alilibeba neno lile siku nzima kama kokoto kwenye kiatu.

Bwana Usami naye hakusaidia. Alikuwa mtu mwema asiyejua wakati wa kunyamaza. Alisimama nyuma ya Michiru na glasi yake ya chai, akasema, "Bi Nezu, njoo uone! Sura nzima imehama kabla sijameza chai. Sisi wazee tungetumia siku nzima."

"Mimi nina kazi, Bwana Usami."

"Njoo tu, ni sekunde moja."

"Ndiyo maana siji. Sekunde moja nitakuwa sijafika."

Bwana Usami alicheka, akadhani ni utani.

Yasue hakuthubutu kumwomba Michiru amfundishe. Binti mwenyewe, mwenye miaka thelathini na mitatu, hakuwa na majivuno hata kidogo, na hilo nalo lilimkera Yasue, kwa kuwa mtu mwenye majivuno angalau unaweza kumchukia bila kujificha. Alichofanya ni kuhamisha kiti chake. Akasema mwanga wa upande ule unamuumiza macho, akakaa mahali ambapo kioo cha dirisha kilimwonyesha mikono ya Michiru. Kila alichokiona alikiandika nyuma ya daftari: Shift na mshale, kuchagua. Alt na Shift na mshale, kuhamisha. Kulia, ndani. Kushoto, nje. Kwa kuwa kioo hugeuza mambo, mwanzoni aliandika kulia na kushoto kinyume, akajifunza kinyume wiki nzima kabla hajagundua.

Nyumbani alifanya mazoezi kila jioni kabla ya chakula. Mumewe, Nezu Kenzaburo, fundi mstaafu wa karakana ya mabasi, alikuwa akikata vitunguu.

"Unamwandika nani sasa?"

"Hakuna. Nafanya mazoezi."

"Mazoezi ya nini? Unabonyeza kama mtu anayeua sisimizi."

Yasue alikuwa ameandika maisha yake mwenyewe kwa vichwa, apate kitu cha kuhamisha. Kuzaliwa. Kiwanda. Ndoa. Kiwanda kufungwa. Wazee wa watu. Vilikuwa vitano tu. Alivipandisha na kuvishusha mpaka ndoa ikatangulia kuzaliwa, na Kenzaburo akasema mpangilio huo yeye anauafiki. Yasue hakucheka.

"Huyo binti amekukosea nini?" mumewe akauliza.

"Hajanikosea kitu."

"Ndiyo ninavyoona. Angekukosea, ungeshamsamehe."

*

Mwezi wa pili kitabu cha Bibi Kanbe kilikuwa tayari kupelekwa kuchapwa toleo la majaribio, nakala moja ya kumwonyesha mwenyewe. Bwana Usami alimkabidhi Michiru upangaji wote, akasema faili liondoke saa nane mchana. Saa sita Michiru alivaa koti akashuka kununua chakula. Bwana Usami alikuwa kwa daktari wa meno. Yasue alibaki peke yake na ile mashine, kazi ikiwa wazi kwenye kioo cha kompyuta, vichwa vyote vimefungwa vizuri, kimoja chini ya kingine.

Alisogea kutazama tu. Ndoa. Kiyomi. Miaka ya Kimya. Tanuri Jipya. Vichekesho vya Wateja. Kuzeeka kwa Bafu.

Tanuri Jipya! Bibi alimwambia yeye, katika ziara ya pili, tena kwa kupita tu, kwamba tanuri la kuchemshia maji ya bafu lilinunuliwa mwaka wa ndoa, kabla mtoto hajafariki. Hilo Michiru hakulijua. Aliyekuwepo siku hiyo ni Yasue. Hapa palikuwa na kosa, na yeye ndiye mwenye kulijua, na sasa alikuwa na vidole vya kulirekebisha. Angeweza kungoja dakika ishirini akamwambia Michiru. Ila alitaka Michiru arudi akute limekwisha kufanyika. Alitaka aulize, "Nani amehamisha?" naye ajibu, "Mimi," bila kuinua kichwa.

Akakaa kwenye kiti cha Michiru. Akaweka kishale kwenye Kiyomi, akashika Shift, akashuka mstari mmoja. Vichwa viwili, Kiyomi na Miaka ya Kimya, vikageuka buluu. Akaongeza Alt, akabonyeza mshale wa chini. Vikashuka vyote viwili, vikapita Tanuri Jipya. Vidole vyake vilikuwa vimetii! Furaha ilimpanda mpaka masikioni.

Hapo akasikia hatua kwenye ngazi. Akashtuka kama mwizi, na katika kushtuka akabonyeza tena chini, vikapita na Vichekesho vya Wateja. Akataka kuvirudisha, kidole kikateleza, kikagusa mshale wa kulia. Mistari miwili ya buluu ikatoweka. Ilikuwa imeingia ndani ya Vichekesho vya Wateja, na kwa kuwa kichwa hicho kilikuwa kimefungwa, hakikuonyesha kilichomo ndani. Yasue hakuona hivyo. Aliona orodha safi yenye Tanuri Jipya mara baada ya Ndoa, kama alivyotaka, akahifadhi, akarudi kwenye kiti chake. Aliyepanda ngazi alikuwa mtu wa posta.

Michiru aliporudi na chakula chake, alituma faili saa nane kasorobo. Alikuwa amelikagua asubuhi mstari kwa mstari, hakuona haja ya kulikagua tena. Wala hakuuliza nani amehamisha kitu. Yasue alingoja lile swali alasiri nzima, halikuja, akakasirika kwa hilo pia.

*

Siku nne baadaye Bibi Kanbe alikuja ofisini mwenyewe, kwa basi, na fimbo yake, theluji mabegani. Hakuwahi kufika pale. Alipanda ngazi taratibu, akaweka kitabu mezani, akakifungua palipowekwa uzi kama alama.

"Nisomee," akamwambia Bwana Usami.

Bwana Usami akasoma. Ilikuwa hadithi ya mteja mlevi aliyerudi nyumbani na suruali ya hakimu, na hakimu akatembea mtaani na taulo. Akaanza kutabasamu. Kisha akafungua ukurasa wa pili, na chini ya jina lile lile, Vichekesho vya Wateja, akakuta mtoto wa miaka mitatu anakufa kwa surua. Sauti yake ikakatika.

"Wajukuu wangu walikuwa wananisomea kwa zamu," Bibi Kanbe akasema. "Walikuwa wanacheka. Walikuwa bado wanacheka." Akawatazama mmoja mmoja. "Nani amemweka mwanangu hapa?"

Michiru akasimama, uso umemwisha damu. "Upangaji nilifanya mimi, bibi." Akainama mpaka kiunoni, akabaki hivyo. Bwana Usami akainama. Yasue naye akainama, maana ofisi nzima ilikuwa imeinama. Akiwa ameangalia sakafu aliona yote kwa mara moja: mshale wa kulia, mistari iliyotoweka, orodha iliyokuwa fupi naye hakuhesabu. Alijua. Hakusema.

"Ndiyo maana," bibi akasema. "Vidole vyepesi, na moyo mwepesi. Bi Nezu, kuanzia leo utakuja wewe peke yako."

Hayo ndiyo maneno Yasue aliyokuwa akiyangoja miezi miwili. Na ukweli usemwe: usiku ule alilala vizuri. Hata kesho yake bado kulikuwa na utamu fulani kumwona Bwana Usami akipita nyuma ya Michiru bila kusimama na glasi yake.

Utamu ukaisha upesi. Michiru alianza kutumia kipanya. Alifungua kila kichwa, akaburura polepole, akaandika kwenye karatasi idadi ya vichwa kabla na baada, akahesabu kwa kalamu, akahesabu tena. Mikono iliyokuwa inaenda kama maji sasa ilisita juu ya kibodi kama mikono ya mtu aliyewahi kuungua. Yasue alikitazama kile kioo cha dirisha mpaka akashindwa, akarudisha kiti chake mahali pa zamani.

Kwa Bibi Kanbe alienda mara mbili. Alipokewa kwa chai na mboga za chumvi, zile za kulowekwa, alizoziandaa bibi mwenyewe, akasifiwa. "Wewe ndiye unayenijua. Yule alikuwa anacheza tu na mashine." Yasue alitafuna bila kusikia ladha.

Baada ya ziara ya pili alimkuta Michiru kwenye ngazi za ofisi na bahasha mkononi.

"Ya nini hiyo?"

"Ya Bwana Usami. Naacha kazi."

"Kwa kosa moja tu?"

"Si kosa, Bi Nezu." Michiru alikaa kwenye ngazi. "Nimefikiri, nimefikiri, sikumbuki kubonyeza. Sikumbuki kabisa. Kama mikono yangu inafanya mambo nisiyoyajua, nitayashikaje maisha ya watu? Ningekumbuka hata kidogo, ningebaki." Akakunja pembe ya bahasha. "Na tena bibi mwenyewe alipenda mashine tu. Siku zote zile hakunitazama usoni hata mara moja. Wewe anakutazama."

Yasue alishika reli ya ngazi. Ilikuwa baridi mpaka ikamuuma kiganja.

"Ni mimi," akasema.

"Wewe nini?"

"Niliyehamisha. Saa sita, ulipokwenda kununua chakula."

Michiru aliishusha bahasha. Kisha akauliza swali ambalo Yasue hakulitegemea. "Kwa vitufe gani?"

"Shift, mstari mmoja chini. Halafu Alt na Shift, chini mara mbili. Halafu... kulia. Kulia ilikuwa bahati mbaya."

"Wewe hutumii vitufe."

"Nilijifunza."

"Wapi?"

"Kwako. Kwenye kioo cha dirisha."

"Ungeniuliza!" Sauti ya Michiru ikapanda mpaka mwenye duka la miwani akachungulia. "Dakika kumi, ningekufundisha! Kwa nini hukuniuliza?"

"Kwa sababu ningekuwa nimekuuliza wewe," Yasue akasema.

Michiru alisimama, akaichana ile bahasha vipande viwili, akapanda juu. Kwa siku kumi na moja hakumwambia Yasue neno ila "habari ya asubuhi", nalo alilisema akitazama ukuta.

*

Yasue alimweleza Bwana Usami siku hiyo hiyo, na kesho yake akapanda basi kwenda kwa Bibi Kanbe na boksi la vitafunio vya maharage matamu, akapiga magoti pale mlangoni kabla hajavua koti. Alieleza yote, wivu wake, dirisha, mpaka ile furaha iliyompanda masikioni. Bibi hakumkatiza. Alipomaliza, bibi alimkaribisha ndani, akamimina chai kikombe kimoja, akamsogezea. Mboga za chumvi hakuleta. Mtu wa Matsumoto hahitaji kuelezwa maana yake: mgeni hatarajiwi kukaa.

"Ulimwonea wivu kwa sababu yangu?" bibi akauliza.

"Kwa sababu yako, na kwa sababu ya vidole vyake."

"Ningekuwa nina miaka ishirini ningesema ni sifa kwangu." Hakutabasamu. "Nilikwambia wewe habari za Kiyomi. Nusu karne sikumwambia mtu. Wewe ukamshika ili umkomeshe msichana wa watu."

"Ndiyo."

"Kunywa chai, uende. Niletee yule binti."

Kitabu kilipangwa upya na Michiru. Bibi alikaa ubavuni pake, akadai kila mstari usomwe kwa sauti kabla ya kusogezwa na baada ya kusogezwa. Tanuri lilipelekwa pale Yasue alipokuwa amesema, maana kwa hilo alikuwa sahihi. Miaka ya Kimya bibi aliirefusha kwa kurasa sita, akamsimulia Michiru mambo ambayo Yasue hakuwahi kuyasikia, kuhusu namna yeye na Shinpachi walivyoanza tena kusemezana. Yasue aliyasoma kitabu kilipotoka mwezi wa tano, nakala themanini, wakati maua ya tufaha yalikuwa yamefunguka. Alizisoma kurasa zile sita amesimama, wivu ukiwa pale pale, akakiri moyoni kwamba zilikuwa nzuri kuliko zote.

Bwana Usami hakumfukuza. Alimwondoa kwenye kuhoji watu mwaka mzima, akampa kazi ya kunakili sauti zilizorekodiwa na wengine. Yasue aliikubali. Mwisho wa mwezi ule wa tano, bila kuitwa, Michiru alivuta kiti akaketi karibu naye.

"Unabonyeza kwa nguvu mno," akasema. "Ndiyo maana ulipitiliza. Gusa tu. Na kabla hujahamisha kitu chochote, fungua vichwa vyote. Usihamishe usichokiona."

"Zamani wewe hukuwa ukivifungua."

"Siku hizi nafungua."

Alimfundisha wiki mbili, kwa ukali, bila utani. Urafiki haukuwepo, ila walifanya kazi pamoja miaka mitatu zaidi, na vitabu vyao vilikuwa vizuri: mmoja akiwa sikio, mwingine mkono. Wazee wengi walimpenda Yasue kuliko Michiru, wengine wakampenda Michiru kuliko Yasue, na kila mara wa namna ya pili alipotokea, Yasue alitoka nje kidogo, akanunua kahawa ya kopo kwenye mashine ya barabarani, akainywa yote ndipo akarudi.

Bibi Kanbe alipotimiza miaka themanini na minane, familia yake ilifanya karamu, nao wote wawili wakaalikwa. Wali mwekundu wa maharage, samaki mzima kwa kila mgeni. Yasue alirudi nyumbani jua likiwa bado juu ya milima. Kenzaburo alikuwa nje anatengeneza baiskeli ya jirani.

"Karamu ilikuwaje?"

"Nzuri. Chakula kingi."

"Walikukalisha wapi?"

"Karibu na mlango."

"Na yule binti?"

"Karibu na bibi."

Kenzaburo aliizungusha pedali, akasikiliza mnyororo. "Bado inauma?"

"Bado."

"Sana?"

Yasue alifikiri. Alivua viatu vyake vizuri vilivyokuwa vikimbana tangu asubuhi, akavishika mkononi. "Samaki nilimmaliza mzima," akasema, akaingia ndani kubadilisha nguo.